Kukata bamba la alumini nyumbani kwa ajili ya kukinga bodi ya gari

Alumini si ngumu kukata. Inayoharibu kazi ni mambo mawili: joto na mtetemo. Ikipata joto inalainika, inanata kwenye meno ya msumeno na kuyaziba, na meno yaliyoziba hayakati tena bali yanasugua, kwa hiyo joto linazidi. Bamba likitetemeka, meno yanadaka ukingo, bledi inakatika au bamba lenyewe linapinda pale ulipotaka linyooke. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na mawili hayo. Lipo la tatu, ambalo huonekana miezi mingi baada ya kazi kuisha: alumini iliyogusana na chuma cha bodi penye maji na chumvi huliwa taratibu, na hilo linazuiwa siku ya kufunga, si baadaye.

Bamba gani, unene gani

Usinunue kwa kuangalia mng'ao. Uliza namba ya mchanganyiko, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye nailoni ya kinga au kugongwa kwenye bamba. Kwa kazi ya bodi namba nzuri ni 5052, 5754 au 5083. Zote zina magnesi ndani yake, zinavumilia maji na chumvi. 5052 na 5754 zinakunjika vizuri. 5083 ni ngumu zaidi na inataka mkunjo mpana. 6061-T6 ni imara, lakini ukiikunja kwa kona kali inapasuka upande wa nje, kwa hiyo ichague kwa vipande bapa tu. 1050 ni alumini karibu tupu, laini mno: inafaa kwa urembo, haifai mahali panapogongwa na mawe. 2024 na 7075 ziache kabisa kwa kazi hii. Zina nguvu kweli, lakini zinapasuka kwenye mikunjo na hazistahimili unyevu bila kinga ya pekee.

Bamba la mabaki lisilo na namba lipime kwa kipande. Kata utepe wa upana wa milimita 30, uubane kwenye jiliwa, uukunje nyuzi 90, kisha utazame upande wa nje wa mkunjo kwa karibu. Ukiona ngozi ya chungwa tu, yaani uso umeparuza kwa vijinundu vidogo bila ufa, litafaa. Ukiona nyufa nyembamba zimejipanga, bamba hilo libaki la vipande visivyokunjwa.

Unene hutegemea mahali. Juu ya madigadi, kwenye boneti na sehemu ya chini ya milango, milimita 1.5 hadi 2 zinatosha, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mikwaruzo ya matawi na mawe. Vizingiti vya chini ya milango, kona za nyuma na kingo za matairi zinataka milimita 3. Kinga ya chini ya injini inaanzia milimita 4, na 6 kama gari linapita kwenye miamba. Hesabu ya uzito ni rahisi: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 1 ina kilo 2.7. Milimita 3 ni kilo 8.1, milimita 6 ni kilo 16.2. Chuma cha milimita 3 kingekuwa zaidi ya kilo 23, na hapo ndipo faida ya alumini ilipo.

Ukichukua bamba lenye vinundu, lile linalotumika kwenye ngazi za malori, unene unaotajwa kwa kawaida ni wa bamba lenyewe bila vinundu. Panga kulikata likiwa limelala kifudifudi, upande laini ukiwa juu. Msumeno hautelezi sawasawa juu ya vinundu. Unayumba, na mstari unayumba nao.

Kiolezo kwanza

Kiolezo cha kadibodi ni nusu ya kazi. Alumini iliyokatwa vibaya hairudi, kadibodi inarudi. Kibandike kwenye gari kwa tepu, kikandamize kwenye mikunjo ya bodi, ukate kidogo kidogo hadi kikae bila kulazimishwa. Kisha fungua na kufunga milango yote, boneti na kifuniko cha mafuta huku kiolezo kikiwa mahali pake. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 4 kuzunguka kila kitu kinachofunguka, maana milango hushuka kidogo bawaba zikichakaa.

Ukiwa hapo chini, weka alama za vitu ambavyo bamba halipaswi kuvifunika: matundu ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti, sehemu za kuwekea jeki, bolti ya kumwagia oili, na vihisi vya kuegeshea au vya mifuko ya hewa ya usalama. Matundu ya maji ndiyo yanayosahauliwa zaidi, na kizingiti kilichozibwa matundu hujaa maji ndani na kuoza kimyakimya.

Kabla hujaondoa kiolezo, andika juu yake NJE, JUU na MBELE, pamoja na KULIA au KUSHOTO. Kwa bamba lenye vinundu unachora upande wa nyuma, kwa hiyo lazima ukigeuze kiolezo kifudifudi pia. Asiyeandika hupata vipande viwili vya kulia.

Chora kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba. Penseli iache: risasi yake ni grafaiti, na grafaiti ikibaki juu ya alumini penye unyevu huifanya alumini iliwe kwenye mstari huohuo. Sindano ya kuchoria chuma itumie kwenye mistari ya kukata tu. Mstari wa mkunjo usiukwaruze hata kidogo, kwa sababu mkwaruzo huo ndio mwanzo wa ufa. Nailoni ya kinga iache mahali pake mpaka mwisho. Kama haipo, bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi pande zote mbili za mstari, na nyingine chini ya kitako cha msumeno, la sivyo chenga zitaacha mikwaruzo mirefu isiyofutika.

Kulibana

Bamba lisilobanwa lisikatwe. Njia ya uhakika ni kulilaza lote juu ya plaiwudi chakavu au ubao mnene wa povu gumu la kuzuia joto, kisha kukata bamba pamoja na sehemu ya juu ya hicho kilichoko chini. Hapo hakuna upande unaoning'inia, na kipande kinapotengana hakianguki na kuibana bledi. Weka klampu pande zote mbili za mstari, karibu kadiri msumeno utakavyoruhusu, yaani sentimita 5 hadi 7. Kwa bamba la milimita 1 hadi 1.5 liweke katikati ya plaiwudi mbili nyembamba, uchore mstari juu ya plaiwudi ya juu, ukate zote tatu pamoja. Mkato unaotoka hapo ni safi kuliko wa njia nyingine yoyote ya nyumbani.

Vaa miwani ya kukinga macho inayofunga pembeni, na kinga ya uso mzima ukitumia msumeno wa diski. Hili si la kupuuza kwa alumini: chenga zake hazivutwi na sumaku, kwa hiyo iliyoingia jichoni haitolewi kwa njia hiyo. Kinga masikio. Glavu nene zivae unapobeba bamba, zivue unaposhika drili, kwa sababu biti inayozunguka ikidaka glavu inavuta mkono pamoja nayo. Mikono mirefu iliyolegea ikunje.

Zana, na kila moja mahali pake

Kwa mistari mirefu iliyonyooka hakuna kinachoshinda msumeno wa diski wenye bledi sahihi. Bledi hiyo ina meno ya kabaidi na imeandikwa kuwa ni ya alumini au metali nyingine zisizo chuma. Kwa kipenyo cha milimita 165 hadi 190 tafuta yenye meno 48 hadi 64, na mwelekeo wa meno uwe sifuri au hasi kidogo. Mwelekeo huo ndio muhimu kuliko idadi: bledi ya mbao ina meno yaliyoinama mbele, hudaka bamba na kulivuta juu kwa nguvu. Weka kina cha bledi kipite unene wa bamba kwa milimita 5 tu. Acha msumeno ufikie kasi kamili kabla haujagusa, kisha sukuma kwa mwendo mmoja. Wengi hukosea kwa kwenda polepole sana wakidhani ndiyo usalama, kumbe meno yasiyolishwa yanasugua na kuchemka. Tazama kinachotoka: chenga zenye umbo, zinazohesabika, ni dalili njema. Ukiona unga, au ukiona mkato umeng'aa kwa utelezi na kuacha uvimbe ukingoni, bledi imeziba au imeisha makali. Kifuniko cha usalama cha bledi usikifunge kikae wazi, na usirudishe msumeno nyuma ukiwa bado unazunguka ndani ya mkato.

Jigso, yaani msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, ndiyo ya mistari iliyopinda, matundu ya ndani na kona. Kwa bamba la milimita 3 na kuendelea chukua bledi ya alumini yenye umbali wa milimita 2.5 hadi 3 kati ya jino na jino. Kwa mabamba membamba zaidi shuka hadi milimita 1.2 hadi 2, maana jino kubwa kuliko unene wa bamba hulidaka badala ya kulikata. Zima kabisa mwendo wa bledi wa kwenda mbele na nyuma, uweke kwenye sifuri. Mwendo huo ni wa mbao, na kwenye bamba unaleta mtetemo. Kasi iwe ya kati. Kandamiza kitako chini kwa uthabiti, kwa sababu bledi hukata ikipanda na kila mara inajaribu kuliinua bamba.

Hapa ulainishaji ndio unaoamua. Paka nta ya mshumaa kwenye bledi kabla ya kuanza na urudie kila baada ya sentimita 15 au 20. Mafuta ya taa na mafuta ya kupulizia pia yanafanya kazi, ila yanashika moto, yanateleza chini ya kitako na hayapaswi kupulizwa kwenye mota inayozunguka. Nta haina shida hizo. Bledi ikiwa imeshaziba, simamisha, chomoa waya, uitoe alumini iliyonata kwa ncha ya kisu au brashi ya waya. Kuendelea na bledi iliyoziba ni kuikata bledi na kulipindisha bamba kwa wakati mmoja.

Ukitaka jigso iende moja kwa moja, pima umbali kutoka jino hadi ukingo wa kitako, ufunge rula ya chuma au ubao ulionyooka kwa umbali huohuo. Kumbuka upana wa mkato: jigso hula milimita 1 hadi 1.5, diski hula karibu milimita 2. Kata upande wa taka, ukiacha milimita 1 nje ya mstari, iliyobaki itaondolewa na tupa. Kila kona ya ndani itobolewe kwanza tundu la milimita 8 hadi 10, na mikato miwili ikutane kwenye tundu hilo. Kona ya ndani iliyo kali, hata ikikatwa kwa usahihi namna gani, ndiko ufa unakoanzia gari likipita barabara mbovu.

Bamba la hadi milimita 1.2 linakatika kwa mkasi wa bati, na ule wenye vipini vya rangi husaidia: wa njano ni wa kunyooka, mwekundu hukata kwa kukunja kushoto, wa kijani kulia. Usifunge mdomo wa mkasi hadi mwisho, kwa kuwa ncha zinapokutana zinaacha jino dogo ukingoni. Kwa mistari mirefu iliyonyooka kwenye bamba la hadi milimita 1.5, kisu kigumu kinatosha: pitisha kando ya rula ya chuma mara nyingi hadi mfereji ufike karibu theluthi ya unene, kisha likunje mbele na nyuma kwenye ukingo wa meza hadi likatike. Hakuna kelele, hakuna joto.

Grenda iwe ya mwisho. Jiwe la kawaida la kukatia chuma huziba kwa alumini, huchemka, na mtu huongeza nguvu ya mkono mpaka jiwe linapasuka. Kama ni lazima, nunua diski nyembamba ya milimita 1 iliyoandikwa kuwa ni ya alumini, upite mara mbili au tatu kwa kina kidogo, na upake nta. Usilisage bamba kwenye jiwe la kunolea la mezani kwa sababu hiyohiyo ya kuziba na kupasuka.

Lipo jambo jingine la grenda linalohitaji kuzingatiwa kwa uzito. Unga wa alumini ukichanganyika na kutu ya chuma, kisha cheche zikaangukia hapo, unaweza kuwaka kwa joto kali lisilozimwa kwa maji. Maji huongeza hatari kwa kuzalisha haidrojeni. Kwa hiyo usikate chuma na alumini mahali pamoja bila kufagia katikati, na weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Tena chembe za chuma zikijichomeka kwenye alumini zinaacha madoa ya kutu na vishimo, hivyo tupa, msasa na brashi za alumini zitenge.

Kingo na matundu

Ukingo uliotoka kwenye msumeno unakata ngozi. Upitishe tupa kwa urefu, si kwa kukatiza, ukisukuma upande mmoja tu. Paka chaki kwenye tupa kwanza ili alumini isijae kwenye meno yake, na ikijaa isafishe kwa brashi ya waya. Malizia kwa msasa namba 120 kisha 240, kingo zote ziwe na mviringo wa nusu milimita hadi milimita moja. Kona za nje za kipande zizungushe kwa nusu kipenyo cha milimita 10 hadi 20: kona kali hunasa matawi, huinuka, na hukata mguu wa anayepanda.

Matundu yaanze kwa kugonga senta panchi, yaani chuma chenye ncha kinachoacha kishimo, la sivyo biti itateleza juu ya bamba. Toboa kwanza kwa milimita 3, kisha kwa kipimo kamili, bamba likiwa limekaa juu ya mbao. Kwa matundu makubwa kwenye bamba jembamba tumia biti ya ngazi, yenye umbo la pia na vidaraja vinavyopanuka, maana biti ya kawaida inapotokea upande wa pili hudaka na kutoa tundu la pembe tatu. Katikati ya tundu iwe mbali na ukingo kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake. Zaidi ya hapo ni bora. Ondoa ncha kali pande zote mbili kwa kuzungusha biti kubwa kwa mkono.

Kukunja

Weka bamba kati ya vyuma viwili vya pembe vilivyobanwa, kimoja kikiwa na ukingo uliozungushwa, na ulisukume kwa ubao mrefu badala ya kuligonga kwa nyundo mahali pamoja. Nusu kipenyo cha ndani kwa 5052 iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene, kwa hiyo bamba la milimita 3 linataka karibu milimita 5 au 6. 6061-T6 inataka mara nne au zaidi. Mkunjo ukatize mistari iliyoachwa na rola za kiwandani, inayoonekana kwenye uso wa bamba. Ukienda sambamba nayo hupasuka mapema. Zidisha nyuzi chache kuliko unavyotaka kwa sababu bamba hurudi kidogo likiachiwa, na usilikunje likarudi likakunjwa tena palepale.

Vipimo vya mkunjo usivikisie. Kata utepe wa bamba hilohilo wenye urefu wa milimita 100, uukunje katikati nyuzi 90, upime pande mbili za nje na kuzijumlisha. Kiasi kinachozidi 100 ndicho utakachopunguza kwa kila mkunjo kwenye kiolezo.

Kufunga bila kuoza

Alumini ikigusana na chuma penye maji, hasa ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo huliwa. Land Rover za zamani, zenye bodi ya alumini juu ya chasisi ya chuma, zinaonyesha hili wazi: ulaji huonekana pale viwili hivyo vinapokutana. Dawa ni kuvitenga. Nyuma ya bamba weka mpira mwembamba, tepu ya povu lisilonyonya maji au utando wa silikoni ya kuziba isiyo na asidi. Bolti za chuma cha pua zinakubalika kwa kuwa ni ndogo kulinganisha na bamba, ila ziwe na washa za nailoni na mrija wa nailoni ndani ya tundu. Shaba nyeupe na nyekundu zisiguse kabisa.

Kila tundu jipya kwenye bodi ya chuma lisafishwe, lipakwe praima ya kuzuia kutu na rangi, likauke, kisha ndipo ufunge. Ni bora zaidi kutumia matundu yaliyopo. Kwa ribiti za milimita 4.8 toboa 4.9, nafasi kati yake iwe sentimita 10 hadi 15, na urefu wa ribiti ulingane na jumla ya unene wa vitu vyote vinavyoshikwa.

Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Bamba la mita 1.2 likipanda nyuzi joto 50 linarefuka milimita 1.4, huku chuma chini yake kikirefuka 0.7. Kwa bolti za M6 toboa tundu la kati lenye kubana, mengine yote yawe milimita 8 au marefu kidogo kwa urefu wa bamba, na washa pana juu. Bamba lililobanwa kila mahali huvimba jua likiwaka na hatimaye hung'oa ribiti za mwisho.

Kinga ya chini ya injini ifungwe kwenye chasisi pekee, kamwe si upande mmoja chasisi na mwingine injini au giaboksi, kwa kuwa injini inacheza. Acha milimita 20 hadi 25 kati yake na sampu (bakuli la oili chini ya injini), umbali wa kutosha na ekzosi, tundu la kumwagia oili, na mianya ya hewa yenye uwazi unaotazama nyuma ili isichote matope.

Ukitaka kupaka rangi, kwaruza kwa msasa namba 320, futa kwa asetoni, upake siku hiyohiyo praima inayong'ata alumini au ya epoksi. Praima ya kawaida ya chuma hubanduka kwa maganda.

Kaza bolti tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, kwani mpira ulioko nyuma hujikandamiza. Kila unapoosha gari pitisha maji nyuma ya kila bamba kutoka juu hadi yatoke safi chini. Matope yaliyonasa hapo hubaki na unyevu kwa wiki nzima. Ukiona unga mweupe kuzunguka bolti au rangi inavimba pembeni, fungua bolti hiyo. Utakuta washa ya nailoni imepasuka au haipo: safisha unga wote, paka praima, weka washa mpya, kisha kagua bolti za jirani.